Dark Was the Night kwa ibada ya Alhamisi Kuu: tyuning, slaidi, na ujumbe wa wimbo usio na maneno

MpigaNyuzi_Umoja

Bwana asifiwe, wapendwa.

Kikundi chetu kimepewa dakika nne katika ibada ya Alhamisi Kuu jioni, mara tu baada ya somo la Luka 22:39-46, Yesu akiomba mlimani. Pendekezo lililo mezani ni *Dark Was the Night, Cold Was the Ground*, ile rekodi ya Blind Willie Johnson, mwimbaji kipofu, Mmarekani mweusi. Tuna gitaa moja la nyuzi za chuma, mwimbaji mmoja wa kiume na kanisa la watu kama mia tatu.

Kuhusu gitaa: tyuning ya kawaida haitoi ule mlio hata kwa slaidi (kile kibomba cha kuteleza juu ya nyuzi). Nyuzi zinagonga shingo na kila noti inasikika iko kando kidogo. Johnson alityuni vipi, na slaidi itengenezwe kwa nini hapa Nairobi bila kuagiza nje?

Kisha kuna wazee wa kanisa, na swali lao ni la haki. Wimbo hauna neno hata moja, wanasema ni kuguna tu, halafu huko mtandaoni umeandikwa "blues". Ujumbe wake uko wapi? Na kwa nini usiku huo upigwe huu, isipigwe tenzi ambayo kila mtu anaijua? Naomba jibu lenye msingi, si la kuwanyamazisha.

---

GumbaNaShahada

Amina. Nianze na la wazee, maana ukishalielewa hilo hata mkono wako utapiga tofauti.

Rekodi ilifanywa Dallas, Texas, tarehe 3 Desemba 1927, kwa kampuni ya Columbia. Siku hiyo Johnson alirekodi nyimbo sita. Kufikia Aprili 1930 alikuwa amerekodi nyimbo 30, na zote ni za dini. Kwa hiyo neno "blues" hapo linaeleza mkono wake, halielezi anachokisema: slaidi, noti zilizopindwa, sauti na gitaa zikijibizana. Ukitafuta ndani yake ule mzunguko wa blues wa baa (vipimo) kumi na mbili, na ule mstari unaorudiwa mara mbili kabla ya kujibiwa, huzipati. Hii ni tenzi.

Tena ni tenzi ya kale. Maneno yake aliyaandika Thomas Haweis, kasisi wa Kanisa la Uingereza, yakachapishwa mwaka 1792. Ubeti wa kwanza unasema usiku ulikuwa wa giza na ardhi ilikuwa baridi pale Bwana alipolazwa, jasho likimtoka kama matone ya damu, akiomba katika uchungu. Hiyo ni Luka 22:44, "hari yake ikawa kama matone ya damu yakidondoka nchini." Na baridi ya usiku ule utaikuta Yohana 18:18, pale watumishi wanapoota moto wa makaa uani. Somo lenu la Alhamisi na wimbo huu ni kitu kimoja. Hakuna haja ya kutafuta daraja la kuviunganisha.

Sasa, maneno yalikwenda wapi? Katika makanisa ya Wamarekani weusi wa kusini, tenzi za zamani ziliimbwa kwa kutolewa mstari. Kiongozi anautamka mstari haraka, karibu kama anausoma, kisha kusanyiko linaupokea na kuuvuta polepole sana, kila mtu akiipinda noti kwa njia yake. Vitabu vilikuwa haba na wengi hawakuwa wamefundishwa kusoma. Tenzi hizo waliziita "Dr. Watts", kwa heshima ya mtunzi wa tenzi Isaac Watts, hata pale mwandishi alipokuwa mtu mwingine kama Haweis. Ubeti ukiisha, watu waliweza kubaki wakiuvumisha wimbo ule ule midomo imefumbwa, bila neno.

Johnson alirekodi mvumo huo. Sauti yake ndiyo kiongozi, gitaa ndilo kusanyiko. Sikiliza jinsi sauti inavyoanza kifungu na kukiachia katikati, slaidi ikakimalizia. Mtu wa makanisa yale aliyeinunua sahani hiyo hakuhitaji kuelezwa maneno ni yapi. Ni kama mpiga kinanda hapa Nairobi akianza noti chache za *Mwamba wenye imara*: hakuna anayesubiri maandishi yatokee ukutani.

Kwa wazee, basi, nenda na aya mbili. Ya kwanza ni hiyo Luka 22:44. Ya pili ni Warumi 8:26: "Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa." Biblia yetu ya Kiswahili imetupa neno lenyewe. Kuugua huku si homa, ni ile sauti inayomtoka mtu aliyebanwa hadi maneno yamemwishia. Mtu anayesema wimbo huu hauna ujumbe kwa sababu hauna maneno, muulize Paulo alimaanisha nini kwa "kusikoweza kutamkwa".

Na waelezeni jambo moja zaidi. Sahani ile, Columbia 14303-D, ina upande wa pili: *It's Nobody's Fault but Mine*. Huko maneno yapo tele. Mwimbaji anasema Biblia anayo nyumbani, na asipoisoma nafsi yake ikapotea, wa kulaumiwa ni yeye peke yake. Anayesema hivyo ni kipofu. Hajipi udhuru wowote. Ukisikia upande huo kwanza kisha ukageuza sahani, huwezi tena kudhani kwamba mtu huyu hakuwa na la kusema.

Nasisitiza kitu kimoja cha uchezaji kinachotokana na haya yote: msiongeze maneno juu ya wimbo wenyewe. Mtu akianza kuomba kwa sauti juu ya gitaa, au kinanda kikiweka kodi (noti kadhaa kwa pamoja) laini chini yake, mmeliondoa kusanyiko na kuweka pambo.

---

Fundi_wa_Nati

Mwenzangu amemaliza la wazee. Mimi nishike gitaa.

Tyuning ni D ya wazi. Kuanzia uzi mnene: D A D F# A D. Kwa wanakwaya wanaosoma solfa: d s d m s d. Kutoka tyuning ya kawaida, uzi wa 6 unashuka toni nzima, wa 5 na wa 4 unaviacha, wa 3 unashuka nusu toni, wa 2 na wa 1 vinashuka toni nzima kila kimoja. Hakuna uzi unaopanda, kwa hiyo hakuna wa kukatika.

Kuhakiki bila tyuna, kariri 7-5-4-3-5. Uzi wa 6 ukibonyezwa freti ya 7 ulie sawa na wa 5 ulio wazi. Wa 5 freti ya 5 ni sawa na wa 4. Wa 4 freti ya 4 ni sawa na wa 3. Wa 3 freti ya 3 ni sawa na wa 2. Wa 2 freti ya 5 ni sawa na wa 1. Shusha kila uzi upite kidogo chini ya noti, kisha uupandishe hadi noti. Ukiishia kwa kushusha, uzi unabaki umelegea kwenye kigingi na utateremka katikati ya ibada. Ukimaliza zote sita rudia upya tangu mwanzo, maana shingo imepunguziwa mzigo nayo husogea.

Jambo ambalo tyuna haikuambii: huo uzi wa 3, ile *mi*, ukiwa kijani kabisa kwenye skrini bado utasikika mkali kodi yote ikilia wazi. *Mi* ya tyuna iko juu ya *mi* ya sikio kwa senti 14 hivi (nusu toni moja ni senti 100). Piga nyuzi zote, sikiliza ule mtetemo unaopigapiga, shusha uzi wa 3 kidogo kidogo hadi utulie. Usiende senti 14 zote. Nusu yake yatosha. Hiyo ndiyo tofauti ya gitaa linalolia kama zeze na gitaa linalolia kama kengele iliyopasuka.

Nyuzi kugonga shingo kuna sababu mbili na kwa kawaida zote zipo pamoja. Magitaa mengi ya madukani huja na nyuzi nyembamba, ya kwanza ikiwa .010 au .011 ya inchi, na ukizishusha hadi D zinalegea. Weka seti inayoanzia .013. Kwa sababu umeshusha, mvuto wake unakaribia ule wa seti ya .012 kwenye tyuning ya kawaida. Sababu ya pili ni nyuzi kuwa chini mno. Pima kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi wa 6: ikiwa milimita 2 au pungufu, slaidi itagonga. Milimita 3 inafaa, na bado utaweza kubonyeza kwa vidole. Njia ya majaribio ni kuingiza kipande chembamba cha mbao ngumu chini ya nyuzi juu ya nati (kile kipande kinachozishika nyuzi kwenye ncha ya shingo), ukikikata vijia sita ili nyuzi zisiteleze kando. Kama jaribio limefaulu, mpe fundi akutengenezee nati ndefu ya mfupa. Ile ya zamani usiitupe, gitaa likirudi kwenye kodi za kawaida utaitaka.

Onyo: msiweke nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni kwa kuwa ndilo liko kanisani. Daraja litang'oka kwenye ubao. Na nailoni haina uzito wa kutosha kuimba chini ya slaidi.

Slaidi sasa. Inasimuliwa kwamba Johnson alitumia kisu, lakini kwa anayeanza kisu ni taabu. Nendeni Kamukunji kwa mafundi wa chuma, waombeni wakate bomba lisilo na mshono, tundu la milimita 18 hadi 20, urefu sentimita 6, unene wa ukuta milimita 2 au 3. Mwambie asugue kingo zote mbili za ndani na nje kwa msasa hadi ukipitisha kidole usihisi kitu. Kama hamna muda wa kusubiri, soketi ndefu ya spana, namba 17 au 19, kutoka Kirinyaga Road inafanya kazi ile ile. Chagua ile isiyo na maandishi yaliyochongwa ubavuni, kwa sababu maandishi hukwaruza uzi na mikrofoni huchukua kila mkwaruzo. Bomba la maji lenye mabati ni baya kwa sababu hiyo hiyo, uso wake una chembechembe. Shingo ya chupa ina sauti tamu, ila ikikatwa vibaya hupasuka mkononi, kwa hiyo mimi siipendekezi kwa kikundi cha vijana.

Ivae kidole cha mwisho. Vile vitatu vilivyobaki vina kazi.

---

MpigaNyuzi_Umoja

Mungu awabariki. Nyuzi ni .013 sasa, tyuning imekaa, soketi ni ya 19. Kugonga kumeisha. Yaliyobaki: noti bado ziko kando kidogo, hasa juu ya freti ya 7, na kuna sauti kama ya mluzi nyuma ya slaidi. Tena, ile noti ya kuumiza roho ambayo Johnson huirudia, si *mi* wala si ile iliyo chini yake. Iko wapi?

---

Fundi_wa_Nati

Noti ziko kando kwa sababu unaweka slaidi pale ambapo kidole hukaa, katikati ya freti mbili. Slaidi inataka kukaa *juu ya waya wa freti wenyewe*. Noti ya freti ya 7 iko juu kabisa ya waya wa 7. Tena ukitazama kutoka juu, macho yako yanaiona mbele ya ilipo, kwa hiyo inamisha kichwa hadi uuone waya ukizibwa. Usibonyeze. Uzito wa soketi pekee unatosha. Ukibonyeza unauvuta uzi chini na noti inapanda.

Mluzi ni sehemu ya uzi iliyo nyuma ya slaidi, upande wa nati, nayo pia inalia. Vile vidole vitatu vivute kama unyoya nyuma ya slaidi, viguse nyuzi bila kuzisukuma. Mkono wa kulia nao uzime kila uzi usioutaka. Kidole gumba kilale kwenye uzi wa 6 au wa 5 na kupiga pale tu panapohitajika. Aliyezoea omutibo, ule mtindo wa gitaa wa Waluhya, ana gumba lenye nidhamu tayari, lakini hapa lazima lizuiwe: omutibo inatembea, huu wimbo umekaa chini.

Ramani ya uzi wa 1, kwa solfa: wazi ni *d*. Freti ya 3 ni *ma*, ya 4 ni *m*, ya 5 ni *f*, ya 7 ni *s*, ya 10 ni *ta*, ya 12 ni *d* ya juu. Ile noti unayoiulizia iko kati ya waya wa 3 na wa 4. Ianzie kwenye waya wa 3, ipandishe taratibu, usifike kwenye wa 4, rudi chini hadi uzi wazi. Kosa la kawaida ni kufika. Ukifika kwenye *m* kamili kila mara, umeugeuza wimbo wa Gethsemane kuwa wimbo wa Pasaka, na Pasaka bado siku tatu.

Mtetemo wa mwisho wa noti: mkono wote usogee, si kidole, kwenda chini ya noti na kurudi kwenye noti yenyewe. Usipite juu. Sikio la kusanyiko husamehe noti iliyo chini kidogo, halisamehi iliyo juu. Usianze kutetema mara tu unapofika. Acha noti isimame kwanza.

Kodi za kubadilisha hakuna. Muda wote uko nyumbani kwenye D. Hamna hesabu ya mapigo manne pia, kwa hiyo msimpe mpiga ngoma kazi.

---

SautiYaPili

Kwa mwimbaji: Johnson ana sauti mbili. Ile ya kukwaruza, nzito, inayotoka kooni, na ile yake ya asili. Katika *Let Your Light Shine on Me*, aliyoirekodi New Orleans mwaka 1929, utamsikia akihama kutoka moja hadi nyingine ndani ya wimbo mmoja. Katika mvumo huu ile ya kukwaruza haihitajiki, na mwimbaji wenu asijaribu. Ataumiza koo na itasikika kama maigizo. Afumbe mdomo, meno yasigusane, ulimi ulale chini. Sauti ikae puani na kifuani. Mara kwa mara afungue kwenye "a" au "o" kisha afumbe tena. Avute pumzi pale gitaa linapojibu, hapo kuna nafasi ya kutosha.

Kuhusu vyombo: msichomeke gitaa moja kwa moja kwenye mikisa kama lina pikapu ya daraja (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi). Pikapu hiyo huchukua mgongano wa chuma kwa chuma na kuukuza kuliko noti. Mikrofoni moja tu, sentimita 30 kutoka pale shingo inapokutana na mwili, iinuliwe kidogo ili ichukue na mdomo wa mwimbaji akiwa amekaa. Kama mpigaji na mwimbaji ni watu wawili, wakae magoti yakikaribiana. Mwangwi wa mikisa zimeni kabisa. Kanisa la watu mia tatu lina mwangwi wake. Zimeni na feni zilizo karibu na madhabahu. Kuna noti humo zinazofifia hadi kuwa pumzi, na feni itazimeza.

Rekodi ni dakika tatu na sekunde ishirini hivi, kwa sababu sahani ya inchi 10 haikubeba zaidi sana. Dakika nne zenu zinatosha hata kukiwa na kimya cha sekunde kumi mwanzoni na mwishoni. Wekeni hicho kimya kwenye ratiba kwa maandishi, la sivyo mwongoza ibada atakijaza kwa "tumpigie Bwana makofi".

Ndugu, kama kuna Mkatoliki anasoma haya na kutaka kuiga: kuanzia Utukufu unapomalizika kwenye Misa ya Alhamisi Kuu hadi Mkesha wa Pasaka, ala hutumika kusindikiza uimbaji tu, si kupigwa peke yake. Zungumzeni kwanza na paroko. Saa ya kukesha mbele ya Ekaristi, nje ya Misa, ni mahali pa kuuliza, na hapo pia huenda mvumo wa sauti bila gitaa ukawa ndio jibu.

---

Mizani8

Nimesoma yote na nakubaliana na asilimia kubwa, ila nina pendekezo kwa ajili ya wale wazee. Johnson aliwaimbia watu walioujua ubeti. Kusanyiko la Nairobi halimjui Haweis. Kwa hiyo utolewe kwanza, kwa Kiswahili, kwa namna ile ile ya kutoa mstari: mtu mmoja autamke, watu waupokee, kisha maneno yaachwe na gitaa lianze. Hapo mvumo utakuwa mwendelezo wa kitu walichokwisha kukitia mdomoni.

Tenzi ya Haweis ina mizani 8, 6, 8, 6, kipimo kile kile cha *Amazing Grace*. Mizani yetu ya 8 ni ya utenzi wa tangu jadi, kwa hiyo kipimo si kigeni. Nimeufunga hivi, unaweza kuutumia bure:

Usiku wa giza nene,
udongo baridi,
hari ya damu, matone,
kuomba kazidi.

Vina ni *-ne* na *-idi*. "Kazidi" nimelichukua kwa Luka mwenyewe, "akazidi sana kuomba", na "hari" pia ni lake. Watu wakisikia neno la Biblia yao hawataliuliza.

Tatizo litakalojitokeza ni shadda, yaani mkazo wa silabi. Kiingereza kinaweka uzito kwenye silabi ya mwisho wa mstari, na noti ndefu ya tuni za aina hii huangukia hapo. Kiswahili kinaweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mkiimba huu ubeti kwa tuni ya *Amazing Grace* mtajikuta mnaimba "nenEEE" na "baridIII", na hilo ndilo linalofanya tenzi nyingi za kutafsiriwa zisikike kama zimevaa viatu vya mtu mwingine. Dawa ni kuvuta ile ya pili kutoka mwisho, "neee-ne", "bariii-di", na kuiachia ya mwisho ianguke kwa upole. Kwa kuwa mnatoa mstari bila kufuata mapigo, mna uhuru wa kufanya hivyo. Msiufunge kwa saa.

Anayetoa asiimbe mistari yake. Aitamke kwa noti moja, *d* ya gitaa, kwa kasi ya kusoma. Mpiga gitaa auguse uzi wa 4 ulio wazi kabla ya kila mstari ili wasipotee. Mistari minne, kila mmoja ukitolewa na kupokewa, ni kama dakika moja. Kwa hiyo sehemu ya gitaa ishuke hadi dakika mbili na nusu, na hiyo haipunguzi kitu: Johnson anazunguka kifungu kimoja, hahitaji kufika popote.

---

GumbaNaShahada

@Mizani8 nakuunga mkono, na naondoa nusu ya nilichosema kuhusu maneno. Kabla ya gitaa, sawa. Juu ya gitaa, bado hapana.

Swali moja kwenye "kuomba kazidi": kusanyiko la vijana watalisikia kama "kazi di"? Mtoaji alitamke kwa kutua kabla yake. "Kuomba... kazidi."

Na jambo la kisheria kwa wanaorusha ibada moja kwa moja mtandaoni. Maneno ya Haweis ya 1792 hayana mwenyewe tena. Rekodi ya Johnson ni jambo jingine, huko Marekani bado ina wenye haki, kwa hiyo msiicheze chini ya video au kabla ya ibada kwenye spika zinazoingia kwenye matangazo. Mkipiga wenyewe kwa mkono hamjaigusa rekodi.

---

Redio_ya_Zamani

Kwa faida ya vijana wanaouliza kama wimbo huu unajulikana na mtu: mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya Voyager, na kila kimoja kimebeba sahani ya dhahabu yenye sauti za dunia. *Dark Was the Night* imo. Katika salamu za lugha 55 zilizo kwenye sahani ile Luganda imo, Kiswahili hakimo. Lakini ule mvumo hauna lugha, kwa hiyo tumo.

---

MpigaNyuzi_Umoja

Nimewasomea wazee Warumi 8:26 na ubeti wa Mizani8. Wamekubali, kwa sharti kwamba mzee mmoja ndiye atakayetoa mistari, na yeye anataka kuitoa bila mikrofoni. Noti ya *d* haimfikii, iko chini mno kwake. Je, nipandishe gitaa lote hadi E, au nitumie kapo (kile kibano cha shingo)?

---

Fundi_wa_Nati

Usipandishe hadi E kwa nyuzi za .013, hapo ndipo daraja hunyanyuka. Kapo freti ya 2, na ramani yote niliyokupa isogee freti mbili: *d* ya juu sasa iko kwenye waya wa 14, *s* kwenye wa 9, na ile noti ya kati iko baina ya wa 5 na wa 6. Kapo ibane karibu kabisa na waya wa freti na uityuni upya ikiwa imeshabana, kuanzia uzi wa 3. Kama kile kipande cha mbao bado kiko kwenye nati, angalia nyuzi zisiwe zimeshuka tena baada ya kapo. Zikigonga, geuka: acha gitaa D, mzee atoe mistari kwenye *s* iliyo juu ya *d* hiyo, uzi wa 2 ulio wazi ukimwongoza.

---

MpigaNyuzi_Umoja

*S* imemkaa vizuri. Tunabaki D.